Kitabu Kilichosomwa Ghalani

Nilimaliza dozi. Naanzia hapo kwa sababu wengi mnaonisikiliza mna kichupa cha dawa ya macho mfukoni, na huenda mnawaza kama nilivyowaza mimi. Naitwa Paskalina, mwalimu wa shule ya msingi hapa Rhotia, na huu ni mwaka wa ishirini na tatu nashika chaki. Mkutubi wetu wa Karatu kaniomba nisimulie ugonjwa wangu kwenye simu yake ili auweke kwenye kadi za memori wanazosikiliza wasomaji wake, ila kanikataza kuhubiri. Nitajitahidi, ingawa ualimu ukishamwingia mtu kooni kuutoa ni kazi.

Ulianza mwezi wa saba, asubuhi zile za baridi ambapo ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka huoni zizi la jirani. Nilipoanza kugonga fremu za milango kwa bega la kushoto nililaumu ukungu. Ukungu ulipoondoka nikawalaumu wanafunzi kwa kuacha madawati njiani. Siku wataalamu wa macho walipokuja kituo cha afya nilikwenda kutafuta miwani tu, nikatoka na kichupa. Daktari aliniambia nina presha ya macho, niweke tone moja asubuhi na moja jioni, nisikose, na nirudi kupimwa. Alieleza vizuri, simsingizii. Mimi nilisikia neno presha, mengine yote yakanipita.

Presha naijua, marehemu mama yangu alikuwa nayo. Nikafika nyumbani nikapiga marufuku chumvi. Tulikula makande yasiyo na chumvi, mchicha usio na chumvi, na maharage ambayo hata mbwa aliyatazama mara mbili. Mume wangu, Baba Neema, ni mkulima na mtu wa maneno machache, hakulalamika hata siku moja. Baadaye nikagundua alikuwa na chumvi kwenye karatasi ndani ya mfuko wa koti.

Kichupa kilikwisha, na macho hayakuwa yakiuma. Sasa mimi ndiye ninayesimama mstarini kila mara kuwaambia watoto kwamba ukipewa dawa maliza dozi, usiachie njiani. Nikajipongeza kwamba nimemaliza dozi. Baba Neema akaniuliza kwa upole kama sitakiwi kurudi kuchukua nyingine. Nikamjibu, "Humu ndani mwalimu ni nani?" Alichukua jembe akatoka, na jibu hilo nalijutia kuliko kichupa chenyewe.

Masika ya mwaka uliofuata ndipo mambo yaliharibika. Nilianza kusahihisha madaftari nikiandika juu ya mistari ya watoto badala ya pembeni. Ubaoni niliandika sentensi, nikaja kuandika nyingine juu yake, na darasa zima la Nne likanyamaza kimya. Watoto wanaopiga kelele hawanitishi, lakini watoto wanaomwonea mwalimu huruma, jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Wiki hiyohiyo nikatumbukia kwenye mtaro wa maji mbele ya ofisi, mchana kweupe. Mwalimu mkuu aliniandikia ruhusa na Baba Neema akanipeleka hospitali ya rufaa.

Ukitaka kujua binadamu kaa kwenye benchi la kliniki ya macho. Tunakaa tangu alfajiri, kila mmoja kakunja kadi yake, na kila mlango ukifunguliwa vichwa vyote vinageuka upande wa sauti. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Kimasai aliyetoka Engaresero, kule chini kwenye Ziwa Natroni. Nilimjua kwa mlio wa shanga zake kila alipojigeuza. Alikuwa amevaa kichupa cha dawa shingoni, kwenye kifuko cha ngozi katikati ya shanga, akaninyooshea nikiguse. Akaniuliza changu kiko wapi, nikamwambia kilikwisha mwaka jana, nilimaliza dozi.

"Kichupa kinaisha, dawa haiishi," akasema. "Mimi nimeambiwa naweka mpaka siku nakufa, na kusoma sijui. Wewe nani alikuambia inaisha?"

Mwalimu wa miaka zaidi ya ishirini, nimevaa sketi ya pasi na viatu vya kufunga, nikafundishwa neno la Kiswahili na bibi ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya sokoni. Nililia palepale, na yeye akanipigapiga goti mpaka jina langu likaitwa. Mwenzangu unayesikiliza, hili ndilo hubiri langu moja na mkutubi atanisamehe: uliza daktari dawa yako inaishia lini, na akisema haiishi, mwamini.

Daktari akatueleza kwamba jicho la kushoto limekwenda, na la kulia linaona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Kilichopotea hakirudi, ila upasuaji unaweza kulinda kilichobaki. Nilifanyiwa mwishoni mwa masika. Kwa wiki nyingi jicho lilikuwa jekundu na limevimba, nikihisi kama kuna pumba za ngano ndani yake, nikakatazwa kuinama, kubeba ndoo na kushika jembe. Presha ilishuka, Mungu ashukuriwe, na haijapanda tena. Lakini ule mwanzi ulikuwa umeshajaa moshi. Mpaka leo naona mwanga wa dirisha, naona kivuli cha mtu akipita, naona kitu cheupe na kitu cheusi. Herufi sizioni.

Mwili unabadilika kwa namna usiyotarajia. Miguu ilianza kutembea ikiuliza kwanza. Mikono ilijaa alama za moto wa jikoni, na nilivaa sweta ndani nje mpaka kanisani. Nilinenepa kwa kukaa. Wakati wa mavuno, mwezi wa nane, wenzangu walikuwa shambani na mimi niliwekewa mahindi uani nipukuchue, na hapo ndipo nilipata ahueni yangu ya kwanza, kwa sababu kupukuchua hakuhitaji macho. Nilijaza debe kwa debe nikiimba. Kilichoniumiza ni Baba Neema. Alinishika mkono kwenda chooni, alihesabu matone yangu asubuhi na jioni, na hakusema hata mara moja kwamba alinionya. Afadhali angesema, tugombane yaishe.

Mwezi wa kumi mwalimu mkuu alikuja nyumbani. Ni mtu muungwana, alizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Likizo yangu ya ugonjwa ilikuwa inaisha, na Januari mthibiti ubora wa shule, yule tuliyezoea kumwita mkaguzi, angekuja kuniangalia nikifundisha kipindi cha kusoma. Nikiweza kukiongoza kwa kitabu cha wanafunzi, naendelea na darasa langu. Nisipoweza, zitaandaliwa karatasi za kustaafu kwa sababu ya afya. Nina miaka arobaini na tisa, na tangu nitoke chuo sijajua asubuhi nyingine zaidi ya kwenda kusema "Kaeni." Nilimwambia nitaweza, nikijua nimesema uongo.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenielekeza maktaba ya vitabu vya kusikiliza iliyoko Karatu mjini, chumba kimoja nyuma ya barabara inayopita magari ya watalii. Nilikwenda nimenuna. Nilidhani ni mahali pa kuwapumbaza vipofu kwa redio. Mkutubi anaitwa Lemayani, Mmasai wa Loliondo, macho yake yalikwenda kwa trakoma akiwa bado anachunga ndama. Alinisalimia kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, akauweka mkono wangu kwenye kabati lililojaa kaseti tangu sakafuni mpaka juu.

"Yeyo, haya ni mambo ya zamani," akasema, akiniita mama kwa Kimasai. "Tunayahamisha yote."

Akanisimulia kazi ilivyokuwa. Kaseti zilikuwa zikifungwa kwenye mfuko wa sembe na kupelekwa Loliondo kwa basi, nyingine zikarudi zimepinda kwa jua, na moja ilirudi bila utepe kwa sababu mbuzi aliuvuta wote akautafuna. Kitabu kimoja kaseti nane, na ukitaka sura ya tano unazungusha ukibahatisha. Sasa alikuwa anazicheza moja moja kuingia kwenye kompyuta inayoongea, anatenganisha sura, halafu anaweka vitabu hamsini kwenye kadi ya memori ndogo kuliko ukucha. Unaichomeka kwenye redio ndogo au kwenye simu, unabonyeza, unaruka sura unayotaka. Huhitaji mtandao, jambo ambalo kule kwao Loliondo lina maana kubwa. Kulikuwa na mzee mmoja aliyegoma kabisa kurudisha kaseti zake, eti yeye alizoea kupima kwa kidole utepe uliobaki ili ajue hadithi inakaribia kwisha. Lemayani alimwachia mbili na kumpa kadi juu yake.

Nilisikiliza kitabu cha kwanza palepale, nimefunikwa masikio kwa spika za kichwani. Baada ya dakika chache nikasahau kununa. Tangu masika sikuwa nimesoma hata tangazo la ukutani, na sasa maneno yalikuwa yanaingia kwa mpangilio, sentensi baada ya sentensi, kama zamani. Nilimwambia Lemayani nataka kitabu cha Kiswahili cha Darasa la Nne. Akasema hicho hakipo, vitabu vya shule havijawahi kusomwa, ila ruhusa ya kukisoma anaweza kuiomba. Kilichobaki ni msomaji. Wasomaji wake wa kujitolea wawili walikuwa na foleni mpaka Pasaka. Akaniuliza kama nyumbani kuna mtu mwenye macho na subira.

Subira ilikuwepo. Shida ni kwamba Baba Neema alikuwa hajasoma kwa sauti kwa miaka kumi, na aliyemnyamazisha ni mimi. Ilikuwa siku ya sala za jumuiya nyumbani kwa jirani, akapewa asome somo la kwanza. Ana darasa la saba lake, anasoma polepole lakini anafika. Akakwama kwenye jina la Nebukadreza, nami nikamsahihisha kutoka kwenye benchi. Akaendelea, nikamsahihisha tena na tena. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Tangu hapo akiombwa kusoma anasema kasahau miwani, na miwani hana.

Nilipomwomba alikataa. Alisema niite mwalimu mwenzangu. Nikamweleza kwamba walimu wanakwenda likizo makwao na Januari haisubiri, akasema hapana, akaenda kulisha ng'ombe. Siku mbili tuliongea mambo ya uji na matone tu. Siku ya tatu nikamfuata zizini nikipapasa uzio.

"Nilikuaibisha mbele ya watu," nikamwambia. "Nisamehe. Sikukusahihisha kwa sababu ulikosea, nilitaka wajue mimi najua."

Alitua ndoo chini. Halafu akasema, "Mara tatu ulinikatiza."

"Mara nne," nikasema.

Kicheko kilimtoka ghafla mpaka ng'ombe akasogea. Nami nikacheka, na kilio kikaja humohumo, tukasimama kwenye samadi tumeshikana kama wachumba. Hapo ndipo aliponiambia kwamba alikuwa na hasira na mimi tangu siku ya dozi, hasira iliyomkosesha usingizi, na kwamba aliogopa kuisema kwa sababu tayari nilikuwa nimeumia. Nikamwambia aiseme yote. Aliisema yote, ikachukua muda wa kukamua ng'ombe wawili.

Lemayani alitupa simu ya kurekodia na masharti yake. Msomaji asome kila kilichoandikwa, asiruke namba ya ukurasa wala maneno ya chini ya picha, na asiongeze lake. Picha aieleze kwa ufupi. Akatushauri tutafute chumba chenye vitu vinavyomeza mwangwi. Sisi tulikuwa na ghala, na mavuno yalikuwa mazuri, magunia ya mahindi yamepangwa mpaka darini. Baba Neema akaacha nafasi ya kigoda katikati ya magunia, akaingia na kitabu cha Darasa la Nne na tochi, akafunga mlango. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na mvua ikigonga bati hakuna kurekodi, kwa hiyo Desemba yote tulisoma kwa ruhusa ya mawingu.

Mimi nilikaa nje ya mlango. Mwenzangu, upasuaji wa jicho si kitu. Kukaa nje ya mlango ukisikia mtu anasoma "Zoezi la kwanza" kama anatangaza msiba, na usiseme neno, hicho ndicho kipimo. Nilitafuna ncha ya kanga. Siku moja kikohozi kilinitoka. Sauti ya ndani ikakoma, kisha ikauliza kwa utaratibu, "Mwalimu, umekohoa au umesahihisha?" Nikahamia jikoni. Kufikia Krismasi alikuwa anasoma bila kukwama, na nilimsikia akirudia sentensi mwenyewe pale aliporidhika nusu.

Masharti aliyashika yote isipokuwa moja. Kuna habari ya mama anayekamua ng'ombe, na chini yake picha. Alieleza picha vizuri, mama, ndoo, ng'ombe. Kisha, bila kuzima simu, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila huyu ni dume, Mama Neema. Sijui anamkamua nini." Lemayani alipopokea kazi alicheka mpaka akakohoa. Kwenye nakala ya maktaba aliyakata maneno hayo, kwenye yangu akayaacha.

Januari mthibiti alikuja, mama mwenye viatu vya kisigino, nikasikia anakwenda kukaa nyuma ya darasa. Nilikuwa na spika moja sikioni na simu mfukoni, kidole juu ya kitufe. Nilisahau hata kusema "Kaeni," watoto wakabaki wamesimama mpaka mmoja akauliza. Nikabonyeza sura. Sauti ya Baba Neema ikaanza kunisomea, nami nikawa namsikiliza sentensi moja, nasimamisha, nampa mtoto aisome, nasikiliza kama ameisoma sawa. Aliyeruka neno nilimrudisha. Aliyekwama nilimngoja, na hilo la kungoja nilikuwa nimejifunza Desemba.

Tulipofika kwenye ng'ombe niliwaambia waangalie picha ukurasa wa thelathini na moja na waniambie nini hakiko sawa. Hawakuona kitu. Nikawauliza nani anakamua nyumbani. Mikono ikapanda, nikajua kwa sauti ya mikono ya sweta. Nikasema, "Basi mtazameni vizuri huyu ng'ombe." Kukapita muda mfupi, halafu darasa likalipuka, wakicheka na kugonga madawati, dume, mwalimu, ni dume. Nikasikia kiti cha nyuma kikisogezwa na karatasi zikifunuliwa haraka. Yule mama alikuwa anatafuta ukurasa. Kipindi kilipokwisha alikuja kuniuliza, kwa heshima kabisa, nimelijuaje jambo ambalo yeye amelipita kwa miaka. Nikamwambia mume wangu ni mkulima. Aliondoka bila kuniambia nimefaulu au la, na walimu wenzangu wakaanza kunitia moyo kwa sauti ya watu wanaofariji mfiwa.

Tulingoja wiki nne. Nilikwenda kliniki mara moja katikati, presha ikakutwa iko chini, nikapewa vichupa viwili. Maktaba ilipata maombi ya kitabu cha Darasa la Nne kutoka kwa mzazi wa Loliondo mwenye mtoto asiyeona, na Lemayani akamwuliza Baba Neema kama anaweza cha Darasa la Tano. Alijibu kwamba maharage yanataka palizi, ila jioni zipo.

Barua ililetwa na mwalimu mkuu mwenyewe kwa pikipiki. Aliniwekea bahasha mkononi, akasema haijafunguliwa, akajitolea kunisomea. Nikamshukuru, nikamwambia barua hii ina msomaji wake. Baba Neema alikuwa anapalilia ng'ambo ya korongo, na ng'ambo ya korongo ni mwendo wa saa nzima na zaidi kwa mtu anayetaka kumaliza mistari yake. Nilikaa mlangoni nimeishika bahasha, nikaigeuza, nikainusa, nikaipapasa kama kuna herufi iliyotokeza.

Alipofika aliiona. Alinawa mikono kwa muda mrefu, akavuta kigoda, akachana bahasha. Kisha akaanza juu kabisa. Anwani. Simu. Kumbukumbu namba, tarakimu zote na mikwaju yake. Tarehe. Jina langu na anwani yangu, kupitia kwa mwalimu mkuu. Yah, nukta mbili. Nilitaka kumnyonga, lakini nilikaa kimya nimeshika ukingo wa kanga. Akasoma aya ya kwanza, iliyorejea kipindi cha Januari. Akaingia ya pili, akasoma maneno mawili, "Unaarifiwa kuwa," akanyamaza.

"Endelea," nikamwambia.

"Ndivyo wanavyosema," akajibu. "Utaendelea."

Akajikohoza, akarudi mwanzo wa aya, akasoma tena polepole, darasa langu, majukumu yangu, jina la aliyesaini, cheo chake, mpaka maneno ya kwenye muhuri, na mimi nikamwacha afike mwisho.